Rafu ya bafuni imedondoka mara ya pili. Gundi ipi kwa kazi ipi?

Mama Dagaa, Kirumba

Wadau, mwangaluka. Naomba msaada, na naomba anayejibu awe amewahi kuzishika hizi gundi kwa mkono wake, maana ushauri wa kusikia nimeshapewa wa kutosha.

Naishi Kirumba mlimani hapa Mwanza, juu ya soko la Mwaloni ninakouzia dagaa. Nyumba ni ya marehemu mama. Ukuta wa nyuma, upande wa bafu na chumba changu, umeegemea jiwe kubwa kama nyumba nyingi za huku kwetu. Nyumba yenyewe ni imara, ila ina vitu vidogo vidogo vinavyoachia, na kwa kila kimoja fundi anataka nauli na pesa ya siku nzima. Nikaamua kufanya mwenyewe.

Kilichonifanya niandike ni rafu ya bafuni. Ni ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, uliopakwa rangi nyeupe, upana shubiri moja, urefu kama mkono wangu kutoka bega hadi kiganja. Unabeba sabuni, miswaki, mafuta ya kujipaka, na dawa za binti yangu za ngozi. Mara ya kwanza niliubandika kwa supa glu, tyubu nne ndogo. Ukakaa siku mbili. Mara ya pili nikanunua gundi ya ujenzi, ile ya tyubu ndefu inayowekwa kwenye bunduki, imeandikwa kwamba ukiwa nayo huhitaji misumari. Nikapaka kwa wingi, nikaushikilia huku nikihesabu dakika kumi. Ukakaa wiki tatu. Juzi saa tisa usiku, mvua inapiga, tukasikia kishindo. Binti yangu alidhani ni mwizi. Tulipowasha taa, rafu iko sakafuni na vitu vyote vimesambaa kwenye maji.

Sasa naogopa kwa ajili ya kioo cha mama. Fremu yake imeliwa na mchwa nikaitoa, kimebaki kioo kitupu, urefu sentimita 90 na upana 45. Mama alijitazama humo kila Jumapili kabla ya kwenda misa, na alikuwa anatuita tusimame mbele yake mmoja mmoja aone kama tumechana nywele. Nataka kukibandika ukutani chumbani kwangu. Kikianguka kama ile rafu, hakuna duka litakaloniuzia kingine.

Mengine: vigae viwili vya chini ya ukuta bafuni vimetoka, kiti cha mninga kina mguu unaocheza, na simtanki la lita 1,000 lina ufa karibu na linapotokea bomba. Tanki nimelipaka silikoni mara tatu, na mara tatu imebanduka nzima nzima kama gamba la nyoka.

Kuna gundi moja ya maana nitakayonunua ikafanya kazi zote hizi? Na kwa nini ile ya ujenzi iliachia wakati maandishi yake yanasema inabeba uzito mkubwa?

Kaunta ya Hadiwea, Igoma

Mama, pole kwa usumbufu. Nauza vifaa vya ujenzi mwaka wa tisa huu, na swali la gundi moja ya kazi zote naulizwa kila siku. Haipo. Anayekuuzia moja kwa kazi zako zote tano anataka tu uondoke na kitu mkononi.

Kwa kuwa umesema silikoni, nikuambie jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Silikoni ziko za aina mbili kuu. Moja inanuka siki kali ukiifungua, nyingine hainuki hivyo. Ya harufu ya siki hutoa asidi wakati inakauka. Hiyo ni nzuri kwa kioo cha dirisha, sinki na vigae, lakini usiiweke nyuma ya kioo cha kujitazamia, kwa sababu ile asidi inakula rangi ya fedha iliyopakwa mgongoni. Baada ya muda utaona madoa meusi yanatokea mbele, mahali palepale ulipopaka. Kwenye plasta ya saruji pia haishiki vizuri. Kwa kioo cha mama omba silikoni isiyo na asidi, na usome kwenye tyubu kama wameandika kwamba inafaa kwa vioo.

La pili, soma tarehe. Tyubu iliyopitwa na muda inatoka vizuri kwenye bunduki, inang'aa, halafu haikauki kamwe. Kabla hujaipeleka ukutani, kamulia tone kwenye kipande cha boksi. Ikipita saa nzima na juu haijafanya ngozi, irudishe dukani. Mimi wateja wangu nawabadilishia bila maneno.

Kwa tanki ningejaribu gundi ya tyubu mbili, ile ya kuchanganya.

Seremala wa Buhongwa

Dada wa Kirumba, habari za kazi. Kabla sijasema lolote naomba unijibu. Ile rafu ilipodondoka, mgongo wake una nini? Igeuze uitazame mchana, kwenye mwanga. Kuna rangi ya ukuta imeng'ang'ania pale? Au gundi yote imebaki ukutani na ubao umetoka mtupu? Au gundi imechanika katikati, nusu huku nusu kule? Na ibonyeze kwa kucha, ni ngumu au laini?

Kuhusu tanki, kaka wa Igoma, kwa heshima zote napingana na wewe. Nitaeleza.

Mama Dagaa, Kirumba

Asanteni. Nimeitoa nje nikaitazama. Pembeni gundi ni ngumu na imebeba vipande vya rangi ya ukuta, vyeupe, na nyuma ya rangi kuna unga kama chokaa unaobaki kidoleni. Katikati gundi bado ni laini. Baada ya wiki tatu! Ni kama dawa ya meno. Nimeibonyeza kidole kikazama.

Seremala wa Buhongwa

Basi rafu imejieleza yenyewe. Imeanguka kwa sababu tatu, na hakuna hata moja inayomaanisha kwamba gundi ilikuwa mbovu.

Ya kwanza ni ule unga. Gundi inashika kile inachokigusa. Wewe ulidhani umebandika rafu kwenye ukuta, kumbe umeibandika kwenye rangi, na rangi ilikuwa imekaa juu ya unga. Gundi ilishika rangi vizuri kabisa, ndiyo maana imekuja nayo. Hata ungepaka gundi ya kubandikia bawa la ndege, ungeondoka na ile rangi. Ukutani inabidi ukwangue mpaka uone plasta ngumu, upige msasa mkali, namba 60 au 80, usugue kwa brashi kavu, kisha upangushe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na usubiri pakauke. Ukipitisha kiganja kikatoka cheupe, bado. Rudia. Sehemu hii ndiyo watu wanaikimbia kwa sababu inachosha na haionekani kazi ikiisha. Mimi kwenye kazi ya gundi, muda mwingi huenda hapo, na kupaka gundi yenyewe ni dakika chache.

Ya pili ni ile dawa ya meno katikati. Gundi uliyonunua bila shaka ni ya maji. Soma tyubu: kama wanasema unaweza kusafisha mikono kwa maji kabla haijakauka, ni hiyo. Gundi ya maji inakauka maji yakiondoka, na ili yaondoke lazima upande mmoja unywe: mbao tupu, plasta tupu, tofali. Wewe umeweka ubao wenye rangi juu ya ukuta wenye rangi. Maji yatatokea wapi? Pembeni yakatoka, katikati yakafungiwa kama kwenye chupa. Na ulipopaka nyingi ndivyo ulivyozidi kuifungia. Pande zote mbili zikiwa haziingizi maji, tumia ile inayokauka kwa unyevunyevu wa hewa, ya poliyurethani au zile mpya za polima ambazo hazinuki sana. Hata hiyo ipake kwa mistari yenye nafasi katikati ili hewa ipite, usiitandaze kama siagi.

Ya tatu ni umbo la rafu yenyewe. Hapa naomba unielewe vizuri, maana hata nikikupa gundi bora Mwanza nzima haitasaidia. Gundi ina nguvu kubwa ikivutwa eneo lake lote kwa pamoja. Inashindwa ikichanwa kuanzia ukingoni. Fikiria plasta ya kidonda: ukiivuta yote kwa mkupuo inagoma, ukiinua pembe moja inafuata yenyewe. Rafu inayobeba vitu inachomoza mbele, imeshika ukuta kwa unene wa ubao tu, labda sentimita moja na nusu. Uzito ulio mbele unaining'iniza, na ukingo wa juu unachanwa usiku na mchana. Kwa hiyo rafu dada yangu ipige skurubu. Toboa kwa keekee, weka plagi za plastiki, funga vishikio viwili vya pembe. Gundi iache kwa vitu vinavyolala bapa ukutani: kioo, ubao wa mapambo, kigae, sahani ya ndoano za taulo.

Sasa kuna jambo limenigusa kwenye maelezo yako, nalo ni lile jiwe. Ukuta unaoegemea mwamba mlimani unapata maji ya mvua kutoka nyuma. Yanashuka kwenye jiwe na kuingia ukutani taratibu, na ndiyo yanayoleta huo unga unaoisukuma rangi. Nimefanya kazi Bugando mlimani, Igogo na Mabatini, nyumba za namna hiyo nazijua. Fanya jaribio hili kabla hujagusa kioo cha mama: chukua kipande cha nailoni safi, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa. Kiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani au ukuta umebadilika rangi, ukuta huo una maji, na kioo kisiende pale hata kwa gundi ya dhahabu, kwa sababu unyevu peke yake utakula mgongo wake. Weka ukuta wa kati, unaotenganisha vyumba.

Kioo chenyewe, nipige hesabu. Kila milimita ya unene wa kioo ni kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba. Chako ni mita 0.9 kwa 0.45, yaani mita za mraba 0.405. Kikiwa cha milimita 4 kina kilo 4 na kidogo, kikiwa cha 5 ni kilo 5. Si uzito wa kutisha, lakini kisiachiwe gundi peke yake. Chini weka vibano viwili vya chuma vya vioo, vyenye mpira ndani, vilivyopigwa skurubu; hivyo ndivyo vitakavyobeba. Nyuma piga ile silikoni isiyo na asidi aliyoitaja kaka wa Igoma, mistari ya wima mitano au sita kutoka juu kwenda chini. Wima, usilaze wala usizungushe duara. Mistari ya wima inaruhusu hewa kupita na unyevu kushuka. Duara linafungia hewa ndani na silikoni haikauki. Kisha kandamiza kwa kiganja taratibu, weka tepu ngumu kushikilia juu, uache siku mbili. Silikoni inakauka milimita 2 hadi 3 kwa siku, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo usidanganywe na ngozi ya juu.

Tanki. Simtanki limetengenezwa kwa polithini, plastiki ile ile ya ndoo na madumu. Tafuta alama ya pembetatu kwenye vyombo vya plastiki: namba 2 au 4 ni polithini, namba 5 ni polipropini. Hizo hazipendi gundi yoyote ya kawaida. Supa glu, silikoni, ya tyubu mbili, zote zinalala juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, ndiyo maana yako ilibanduka nzima kama gamba. Ufa wa tanki unachomelewa kwa joto, plastiki kwa plastiki ya aina yake. Wapo mafundi wanaofanya hivyo kwa pasi maalumu. Lakini umesema ufa uko linapotokea bomba. Angalia kwanza kama si mpira wa kiunganishi uliochoka, na kama bomba lina kitu cha kuliegemeza. Bomba refu linaloning'inia likiwa na maji linavuta mdomo wa tanki kila siku.

Kiti cha mninga ni kazi ya kupendeza, na hii unaiweza kabisa. Chomoa mguu wote, usidondoshee gundi juu juu. Kwangua gundi ya zamani yote mpaka uione mbao, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi kuukuu. Jaribu kuurudisha mkavu. Ukiingia kwa kulegea, gundi haitajaza nafasi ile. Chonga kabari nyembamba ya mbao au zungushia unyoya wa randa mpaka ubane. Paka gundi pande zote mbili, ingiza, kisha chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate ukanda mrefu, zungusha kiti chote ukivuta mpaka gundi ichuruzike kwenye kiungo. Futa iliyotoka kwa kitambaa chenye maji saa hiyohiyo. Usikalie mpaka kesho yake. Kama kiti kinakaa barazani na kupigwa mvua, ulizia gundi ya mbao iliyoandikwa D3 au D4. Hizo zinavumilia maji, D4 zaidi. Ile ya kawaida ikilowa inakuwa uji.

Vigae nimechoka kuandika. Mwingine asaidie.

Kaunta ya Hadiwea, Igoma

Fundi, kuhusu tanki nimekuelewa na nimejifunza. Nimekwenda nyuma ya duka nikageuza ndoo zote, kweli ni 2 na 5. Kuanzia leo sitamuuzia mtu gundi ya tyubu mbili kwa ajili ya tanki.

Vigae nitajibu mimi. Mama, tumia gundi ya vigae ya unga wa saruji, ya kuchanganya na maji. Mfuko ni kilo 20 au 25 na wewe unahitaji kibakuli kimoja, kwa hiyo uliza duka linalopima kwa kilo, au umwombe fundi anayemalizia nyumba jirani akuachie kidogo. Ng'oa kwanza saruji kuukuu mgongoni mwa kigae na ukutani, la sivyo kigae kitachomoza kuliko wenzake. Tandaza mgongo mzima. Wengi wanaweka vidonge vitano tu, na ndiyo maana ukigonga kwa sarafu unasikia uwazi, na maji yanaingia humo. Subiri siku moja ndipo ujaze grauti, ile saruji laini ya kati ya vigae. Ila pale ukuta unapokutana na sakafu usijaze grauti, piga silikoni, kwa kuwa pembe ile inacheza na grauti itapasuka.

Fundi Mitumbwi, Igombe

Nawasalimu wote. Mama, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu.

Mimi natengeneza mitumbwi na gundi kwetu ina nafasi ndogo, ila kuna jambo nimelijifunza majini ambalo fundi amelipita haraka. Ni hilo la kucheza.

Ubao wa mtumbwi ukikaa majini unavimba, ukipandishwa mchangani juani unasinyaa. Nafasi kati ya mbao mbili leo inapitisha ukucha, wiki ijayo haipitishi karatasi. Ndiyo maana tunakalafati kwa pamba. Tunaisokota, tunaisindilia kwa patasi butu na nyundo, kisha juu tunapigia kipande cha bati. Pamba inabonyea na kurudi. Kijana wangu mmoja alitaka kurahisisha, akajaza nyufa kwa gundi ya tyubu mbili. Ilikuwa ngumu kama jiwe na ilipendeza. Mtumbwi uliposhuka majini mbao zikavimba, gundi haikukubali kubonyea, na ubao wenyewe ukapasuka pembeni ya gundi. Tulibadilisha ubao mzima.

Kwa hiyo kila mnapochagua muulize: hivi viwili vitatulia au vitacheza? Vikitulia, kama mguu wa kiti, gundi ngumu ni sawa. Vikicheza, kama mlango wa bati na fremu, kama sinki na ukuta, kama kitu kinachopigwa jua la asubuhi na mvua ya jioni, tumia inayovutika.

La pili ni usalama, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Msifute supa glu kwa pamba wala kwa kitambaa cha pamba. Supa glu ikiingia kwenye pamba inaganda kwa haraka sana na kutoa joto, inaweza kuunguza. Huyohuyo kijana alijifuta kwa fumba la pamba tunayokalafatia, ikamtoa malengelenge vidole viwili. Vidole vikigandana, msivutane navyo. Lowesha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mzungushe polepole, vitaachia. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni inasaidia kwenye ngozi, lakini isikaribie jicho. Jicho ni maji mengi safi na hospitali.

Na gundi ya viatu, ile ya njano ya kopo, mvuke wake unashika moto. Kuna watu wanaipaka jikoni na jiko la mkaa linawaka hatua tatu. Toka nje. Paka pande zote mbili, subiri dakika kumi au kumi na tano mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo uzikutanishe. Ukizikutanisha zimeshikana hapohapo, hakuna kusogeza.

Mama Dagaa, Kirumba

Nimerudi baada ya wiki tatu, maana nilitaka kuja na matokeo na si shukrani tupu.

Nailoni niliweka mbili, moja ukuta wa jiwe na nyingine ukuta wa kati. Ya ukuta wa jiwe asubuhi ilikuwa na matone kama kifuniko cha sufuria ya wali. Ya ukuta wa kati kavu kabisa. Nilikaa kitandani nikaitazama kwa muda, kwa sababu ukuta ule wa jiwe ndio niliokuwa nimeuchagua, penseli ilikuwa bado inaonekana nilipopima.

Kioo cha mama kiko ukuta wa kati. Kukwangua rangi kulinichukua jioni mbili baada ya kutoka Mwaloni, binti yangu akishika taa ya simu. Kilikuwa cha milimita 5, kwa hiyo kilo 5 kama fundi alivyopiga hesabu. Silikoni niliijaribu kwanza kwenye boksi. Duka la kwanza waliniuzia tyubu ambayo mpaka kesho yake ilikuwa bado inanata, nikairudisha, wakanipa nyingine. Mistari sita ya wima, vibano viwili chini. Siku ya tatu nikatoa tepu. Jumapili iliyopita binti yangu alisimama pale kabla ya misa na mimi nikasimama nyuma yake, na sikuweza kusema kitu.

Rafu iko kwenye skurubu na vishikio. Vigae vimeshika, nimegonga kwa sarafu havina uwazi. Kiti nilikikosea mara ya kwanza: nilikifunga kwa tyubu ya baiskeli kikiwa kwenye sakafu isiyo sawa, mguu ukaganda umeinama. Bahati nilikiona baada ya nusu saa tu, nikakifungua na kurudia juu ya meza iliyonyooka. Kwa yeyote atakayejaribu, hakikisha miguu yote minne inagusa chini kabla hujaondoka.

Tanki lilikuwa kama fundi alivyosema. Ufa ulikuwa mdogo, mpira wa kiunganishi ndio uliokuwa umekatika, na bomba lilikuwa linaning'inia mita nzima bila kuegemea kitu. Tumeweka kiunganishi kipya, tumejenga kinguzo cha tofali mbili chini ya bomba, na ule ufa umechomelewa. Nimekwangua silikoni yangu yote kwa kisu. Ilitoka kirahisi sana.

Fundi wa Igombe, shikamoo nimeipokea, marahaba. Vidole vya kijana vimepona?

La mwisho, mpini wa sufuria yangu kubwa umetoka upande mmoja. Nina gundi ya tyubu mbili iliyobaki nusu. Nitumie?

Seremala wa Buhongwa

Dada, umefanya kazi safi. Kwa kiti hongera, hilo la sakafu hata mafundi wanalisahau.

Sufuria usitie gundi. Ile ya tyubu mbili ya kawaida inaanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na wali wako unachemka kwa karibu 100. Mpini utaachia umebeba sufuria ya moto, na gundi si kitu cha kukaa karibu na chakula. Mpelekee fundi wa masufuria apige ribiti mbili, ni kazi ya dakika tano.

Fundi Mitumbwi, Igombe

Vimepona mama. Kucha moja ilitoka, sasa inaota. Anakushukuru kwa kumuulizia.